Boxing Day ziwani Mwanza: tunataka wotaskii, ila Pasaka hakuna aliyesimama. Tatizo lilikuwa nini?

#1 KijanaWaNyamagana
Wakuu habari za jioni. Naleta hili mapema ili tusije tukakurupuka dakika za mwisho. Sisi ni kundi la watu kama 20, wengine ndugu wengine tumesoma pamoja, kila mwaka sikukuu tunakutana Mwanza. Mwaka huu tunataka Boxing Day tuwe ziwani kutwa nzima, boti mbili, nyama choma ufukweni, na wotaskii, yaani kuteleza juu ya maji kwa mbao huku unavutwa na boti. Hiyo wotaskii ndo inanileta hapa.

Pasaka tulijaribu. Kuna mwana alirudi na skii zake kutoka nje, pea moja nzuri tu. Tukakodi boti ya mbao, mashine ya nguvu za farasi 40, tukafunga kamba ya manila nyuma. Nikaingia majini wa kwanza. Nakaa pale na laifujaketi, mbao zinacheza cheza miguuni zinataka kugeuka, napiga kelele "twendeee", mashine inaunguruma, kamba inakaza, naona pua ya boti imeinuka juu imebaki hapo hapo, mi navutwa kama gunia, maji yote yananiingia puani, mikono inachomoka. Nimejaribu mara 6. Tumejaribu watu wanane. Aliyesimama ni mdogo wangu wa kike tu, ana miaka 14, alisimama kama sekunde sita hivi alafu akaanguka. Sekunde sita hizo zimeninyima usingizi mpaka leo maana nilimuona kabisa anateleza, kumbe inawezekana!

Kwaiyo swali: kwa nini wengine tulishindwa? Na kwa ujumla mnashaurije, sehemu gani, saa ngapi, tahadhari gani.

#2 Kinyonga88
Siti ya mbele hapa. Picha ya dogo akiwa amesimama ipo?

#3 FundiMashine
Mkuu jibu umelitoa mwenyewe kwenye maelezo yako. Umesema pua ya boti iliinuka ikabaki hapo hapo. Hiyo maana yake boti haikupanda juu ya maji, ilikuwa inalima maji. Boti ya kuvutia mtu inatakiwa ipande, yaani pua inainuka kidogo alafu inalala, boti yote inakuwa inakimbia kwa juu. Mtu mzima anayejifunza kwa mbao mbili anahitaji kilomita kama 30 mpaka 40 kwa saa. Boti ya mbao ya kuvulia ina mkuku, nzito, imetengenezwa kubeba mzigo na kukata mawimbi. Ukiifunga mashine ya 40 na watu wamejaa, hiyo spidi hutaiona hata ukimuomba Mungu.

Kitu kingine watu hawakijui, ziwa letu lipo juu. Mita 1,134 kutoka usawa wa bahari. Mashine isiyo na taba ya kuisukumia hewa inapoteza nguvu kama asilimia 10 hivi kwa urefu huo kwa sababu hewa ni nyepesi. Kwaiyo hiyo 40 yako huku ni kama 36. Mlikuwa wangapi ndani ya boti?

#4 KijanaWaNyamagana
Kinyonga picha ninayo ila sitaweka sura ya mtoto mtandaoni, niwie radhi.

Fundi asante sana. Tulikuwa kama saba.

#5 Shemeji Bugarika
Mi nilikuwepo. Tuseme ukweli jamani ili tusaidiwe vizuri. Tulikuwa kumi na moja, na jiko la mkaa, na kreti mbili za soda na ndoo ya samaki. Na mashine haikuwa 40, ilikuwa 25. Ya 40 ilikuwa kwenye boti ile ya pili iliyokuja mchana ikakaa nusu saa ikaondoka. Mleta uzi unachanganya.

#6 FundiMashine
Kumi na moja na jiko la mkaa, kwa mashine ya 25! Basi hapo mjadala umekwisha. Tena huyo mtoto kusimama ni maajabu.

#7 Baridi Minnesota
Salaam kutoka huku kwenye baridi. Mjadala haujaisha fundi, samahani. Mi naishi Minnesota mwaka wa 11 sasa, huku kila kiangazi watu wako ziwani, na mi mwenyewe nilijifunza ukubwani nikiwa na kilo 92. Nimeona mtoto akisimama nyuma ya boti ndogo ya alumini yenye mashine ya 25. Nguvu ni muhimu sikatai ila wengi wanaoshindwa wanashindwa kwa sababu wanavuta kamba. Mtu akisikia kamba imekaza anakunja mikono anajivuta anataka kusimama haraka. Ukikunja mikono tu umekwisha, mbao zinazama mbele na wewe unafuata.

Inatakiwa ukae kama mtu aliyechuchumaa, magoti kifuani, mikono imenyooka inapita nje ya magoti, ncha za mbao zimechomoza juu ya maji, alafu UTULIE. Boti ndo inakutoa. Usisimame, subiri usimamishwe. Watoto wanasimama haraka kuliko watu wazima kwa sababu hawana nguvu za kupigana na kamba, wanaiachia iwapeleke.

Kwaiyo huyo binti hakusimama kwa sababu ni mwepesi. Alisimama kwa sababu alitulia.

#8 FundiMashine
Alisimama kwa sababu ni mwepesi mkuu. Ana kilo ngapi huyo mtoto? Arobaini? Weka kilo 85 kwenye kamba hiyo hiyo uone.

#9 Mama Sato
Ngoja niwaulize, alipopanda huyo binti ndani ya boti walikuwa kumi na moja hao hao au wengine walikuwa majini na ufukweni?

#10 Shemeji Bugarika
Mama Sato swali zuri. Nakumbuka wakati wa zamu yake watu wanne walishuka kugeuza nyama. Jiko lilikuwa limeshahamia mchangani. Ndani walibaki saba kama sikosei. Labda ndo maana jamaa kashika hiyo namba saba.

#11 FundiMashine
Mnaona sasa.

#12 Baridi Minnesota
Inaweza kuwa yote mawili, ila sikubali kwamba mbinu haina kazi. Niwape kisa cha kweli kabisa maana huu mchezo ulianzia huku huku. Mwaka 1922, kijana anaitwa Ralph Samuelson, ziwa linaitwa Pepin pale Lake City. Alianza na mbao za mapipa, zikashindikana. Akajaribu skii za theluji, zikashindikana. Akanunua mbao za msonobari, kila moja futi 8 urefu na inchi 9 upana, akachemsha ncha zake kwenye birika la kufulia la mama yake mpaka zikalainika, akazikunja zikawa zimepinda juu. Kaka yake Ben ndo alikuwa anaendesha boti. Siku kadhaa anaanguka tu kwa sababu alikuwa anaanza mbao zikiwa zimelala sawa na maji. Tarehe 2 Julai akajaribu kuegemea nyuma, ncha zikiwa juu ya maji. Akasimama. Kesho yake ndo anatimiza miaka 19.

Boti ni ile ile, ndugu ni yule yule, ziwa ni lile lile. Kilichobadilika ni ncha za mbao. Mkuu mleta uzi, kumbuka vizuri, ncha zako zilikuwa wapi?

#13 KijanaWaNyamagana
Dah. Kusema kweli sijui. Nilikuwa nahangaika zisigeuke, nadhani zilikuwa chini ya maji muda mwingi. Dogo nilimuona ncha zake kabisa zimechomoza kama masikio ya sungura.

#14 Kinyonga88
Nilikuwa najua wotaskii imetoka Ufaransa kule kwa matajiri. Asante kwa darasa mkuu wa #12.

#15 Bonde la Ufa
Niaje wadau. Mimi niko Nakuru. Kwa nini msikuje Naivasha? Huku maboti za faiba ziko tele, mashine kubwa, hizo za mbao mtasahau. Asubuhi maji imelala kama kioo.

#16 FundiMashine
Naivasha ipo mita 1,884 mkuu. Huko mashine inapoteza karibu asilimia 20. Labda mje na mashine ya 115.

#17 Bonde la Ufa
Na ziko. Lakini wacha niwe mkweli, kuna kitu ingine, viboko. Wako wengi sana na hawapendi mtu akae majini akingoja kamba. Alafu tangu maji ipande hapo 2020, miti ilimezwa pembeni mwa ziwa, mingine imekauka imesimama ndani ya maji na mingine imebaki visiki huwezi viona. Ukianguka juu ya kisiki ukiwa kwa kasi, hiyo ni stori ingine. Watu wa boti wanajua njia zao, kwaiyo ukikuja usiende na mtu hajui ziwa.

#18 MwanaKigoma
Kama ni maji, njooni Kigoma. Ziwa Tanganyika unaona mguu wako ukiwa umekaa majini, unaona na samaki wanapita. Na kwa fundi wetu hapo juu, sisi tupo mita 773 tu, mashine inapumua vizuri. Victoria maji ya kijani hujui chini kuna nini.

#19 Kinyonga88
Ila Victoria ndo refu kwenda chini kuliko yote Afrika, si ndo uzuri wake?

#20 MwanaKigoma
Hapana ndugu yangu, hapo umekosea. Victoria ni kubwa kwa eneo, kwa Afrika hakuna linaloifikia. Ila kina chake hata pale parefu kabisa ni mita kama 80 tu. Tanganyika ni mita 1,470, duniani linazidiwa na Baikal peke yake.

#21 Mama Sato
Kigoma kuzuri ila watu 20 na watoto, kutoka Mwanza mpaka Kigoma, sikukuu, na mabasi yamejaa? Tuache ndoto. Mleta uzi amesema wanakutana Mwanza. Mi nauliza la maana, watoto wataingia majini? Kichocho mmekifikiria?

#22 Nesi Mstaafu
Nilikuwa nasoma kimya kimya nikisubiri mtu aseme hilo. Nimefanya kazi kanda ya ziwa zaidi ya miaka 30, naomba mnisikilize kidogo hapa maana hili ndo linaloumiza watu kimya kimya baada ya sherehe kuisha.

Kichocho cha ziwani Victoria kwa sehemu kubwa ni kile cha tumbo. Kile cha kukojoa damu huku kwetu watu wanakipata zaidi kwenye malambo na majaruba ya mpunga. Konokono wanaokibeba wanakaa maji ya kina kifupi, kwenye majani, pale pale ambapo watoto wanapenda kuchezea na wamama wanafulia. Vijidudu vinatoka kwenye konokono mchana jua likiwa kali na vinapenya kwenye ngozi ndani ya dakika chache, hausikii chochote, labda muwasho kidogo baadaye. Ukiwa mbali katikati, maji marefu yasiyo na majani, hatari inapungua sana. Inapungua, sijasema haipo.

Kwa hiyo kama lazima mfanye, msianzie pale mwaloni kwenye majani watu wakiwa wamesimama maji ya magotini nusu saa wakifunga mbao. Vaeni mbao mkiwa ndani ya boti au kwenye gati, mshukie maji marefu. Na wote walioingia majini, wakubwa kwa wadogo, waende wakapime na kupewa dawa baada ya wiki 6 mpaka 8. Sio kesho yake. Praziquantel inaua minyoo iliyokomaa, ukimeza mapema wale wachanga wanabaki.

#23 Kinyonga88
Nesi shikamoo. Ukijifuta na taulo haraka ukitoka si inasaidia? Nimesikia hivyo toka shule.

#24 Nesi Mstaafu
Marahaba mwanangu. Jifute, si vibaya, ila usiitegemee kama kinga. Unapotoka majini vijidudu vingine vimeshaingia.

#25 KijanaWaNyamagana
Shikamoo nesi. Sisi Pasaka tulisimama kwenye majani kabisa, zaidi ya saa nzima, na dogo alikuwepo. Imepita muda mrefu sana. Bado inafaa kupima?

#26 Nesi Mstaafu
Marahaba. Inafaa na ni lazima. Nendeni wote, mueleze kwamba mliingia ziwani na lini. Usiogope, dawa ipo na inafanya kazi. Ila nenda wiki hii, usisubiri mpaka Boxing Day.

#27 KijanaWaNyamagana
Jumatatu nampeleka mwenyewe. Mungu akubariki.

#28 Mvuvi wa Zamani
Habari zenu. Niliacha uvuvi 2014, nilivua sangara kuanzia Igombe mpaka visiwani. Mnabishana mashine na mbao, mi naona mmesahau nyavu. Ukiona kidumu cha plastiki kinaelea peke yake hapo ziwani usidhani ni takataka, chini yake kuna wavu. Propela ikiukamata wavu boti inasimama ghafla, na aliye nyuma kwenye kamba anakuja na spidi yake yote. Pia wavu ni wa mtu, amekopa hela kuununua. Kabla ya siku yenyewe nendeni mwalo wa karibu mkaongee na wenyewe, wawaambie wametega wapi. Hawana ubaya, ukienda kwa heshima watakuonyesha.

Na saa. Hapa Mwanza usiku upepo unatoka nchi kavu unaenda ziwani. Jua likipanda, nchi kavu ikipata moto, upepo unageuka unatoka ziwani kuja kwetu, mchana ndo mawimbi. Katikati hapo ndo maji yanatulia. Kuanzia kama saa 2 asubuhi mpaka saa 5 ndo muda wenu. Mlijaribu saa ngapi Pasaka?

#29 Shemeji Bugarika
Tulianza saa 8 mchana baada ya kula.

#30 Mvuvi wa Zamani
Basi mwaweza kuacha kulaumu mashine na mbao. Saa 8 mchana na mawimbi, mtu anayejifunza hawezi kusimama hata umvute na meli.

#31 FundiMashine
Mzee wangu nakuheshimu ila binti alisimama saa hiyo hiyo kwenye mawimbi hayo hayo.

#32 Mchaga wa Pasiansi
Saa 2 asubuhi mwezi wa 12 mi sikubaliani sana. Naishi huku juu Pasiansi naliona ziwa kila siku. Desemba ni mvua, asubuhi nyingi wingu jeusi linakuja kutoka ziwani na radi juu. Mi naona saa 10 jioni baada ya mvua kupita ndo kunakuwa shwari.

#33 Mama Sato
We Mchaga, Boxing Day si utakuwa Moshi kama kawaida yenu? Tuachie ziwa letu.

#34 Mchaga wa Pasiansi
Haha mama, mwaka huu nabaki. Nimeshamwambia mama mzazi nitakuja Januari. Niwekeeni nafasi moja, nyama naleta mimi.

#35 Mvuvi wa Zamani
Mchaga umesema kitu cha kweli kuhusu mvua. Ngurumo nyingi hulala ziwani usiku, na zingine zinachelewa kuondoka asubuhi. Kwaiyo sio saa tu, angalia anga. TMA, wale wa hali ya hewa, wanatoa utabiri wa ziwa, sikiliza usiku wa tarehe 25 na asubuhi tena. Ukiona radi hata ya mbali, watu wote nje ya maji. Ila jioni bado siikubali, ukipata shida jioni giza linakukuta.

#36 Baridi Minnesota
Naongeza la usalama kabla sijasahau. Huku sheria inataka kwenye boti awepo mtu wa pili anayemuangalia anayeteleza, au boti iwe na kioo kipana cha dereva kuonea nyuma. Dereva anaangalia mbele, huyu anaangalia nyuma, hana kazi ingine, hashiki simu, hachomi nyama. Mkubaliane ishara kwa mikono kwa sababu kelele ya mashine hutasikia mtu: dole gumba juu ongeza, dole chini punguza, mkono kwenye shingo zima mashine. Akianguka akiwa mzima anainua mikono juu ya kichwa. Asipoinua, mnaenda hapo hapo. Na mkimkaribia aliye majini mashine izimwe, sio iwe ya polepole, IZIMWE. Propela haijui ndugu.

Na kamba. Umesema manila. Ilikuwa inaelea au inazama?

#37 KijanaWaNyamagana
Ilikuwa inazama. Tulikuwa tunaivuta kila mara tusikanyage.

#38 Baridi Minnesota
Basi hiyo huenda ilikuwa nailoni. Nailoni inazama na inavutika. Inavutika vutika alafu inakurusha ghafla, yaani boti inaondoka wewe bado umekaa, alafu kamba inarudisha yote kwa mpigo. Hapo lazima mikono ichomoke. Kamba ya wotaskii ni ya polipropilini, inaelea, urefu futi 75, ambayo ni mita kama 23. Sasa naanza kuona labda tatizo lenu kubwa ni kamba.

#39 Kinyonga88
Mkuu ulisema mbinu, sasa kamba? 😂

#40 Baridi Minnesota
Mbinu nzuri na kamba mbaya huwezi kuitumia hiyo mbinu. Siondoki kwenye mbinu.

#41 FundiMashine
Na mlifunga wapi kwenye boti? Kati au pembeni?

#42 Shemeji Bugarika
Pembeni kulia, kwenye kile kigingi cha nanga, kwa sababu mashine ilikuwa katikati.

#43 FundiMashine
Ndo maana dereva alikuwa analalamika boti inamvuta upande. Mnatakiwa kufunga hatamu, kamba fupi inashika pembe mbili za nyuma ya boti, kulia na kushoto, inapita nyuma ya mashine, alafu kamba kubwa inafungwa katikati ya hiyo hatamu. Boti ikivutwa upande mmoja dereva anapigana na usukani, mafuta yanaisha bure na spidi haipandi. Mashine ya tustroku ya 40 ukiibana mpaka mwisho inakunywa zaidi ya lita 15 kwa saa, mchanganye na oili lita moja kwa petroli 50. Kwa kutwa mtaona bei yake.

#44 MwanaKigoma
Na propela je? Boti za kuvulia wengi wanafunga propela ya mzigo, ile ya meno mafupi. Inavuta vizuri kuanza ila juu haikimbii. Huenda mashine ilikuwa inatosha na propela ndo sio.

#45 FundiMashine
Kwa kumtoa mtu majini hiyo propela ya mzigo ndo nzuri mkuu. Tatizo linakuja akishasimama. Sasa hawa hata kutoka hawakutoka.

#46 MwanaKigoma
Binti alitoka akaanguka baada ya sekunde 6. Labda alianguka kwa sababu spidi haikuongezeka.

#47 KijanaWaNyamagana
Nimemuuliza dogo sasa hivi nikiwa nimekaa naye hapa. Anasema hakuanguka kwa sababu ya spidi. Anasema aligeuka kunitafuta mimi anionyeshe kwamba amesimama.

#48 Mama Sato
Ooh jamani. Huyo mtoto Boxing Day apewe zamu ya kwanza.

#49 Nesi Mstaafu
Baada ya majibu ya vipimo.

#50 Mama Sato
Baada ya majibu ya vipimo mama, umenena. Alafu niseme langu moja na mnivumilie. Mi ni mtu wa hapa. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama karibu kabisa kufika Mwanza, mi nilikuwa binti, nakumbuka mji ulivyonyamaza. Mwaka 2018 MV Nyerere ikapinduka pale Ukara, imebaki hatua chache kufika gatini, tukapoteza watu zaidi ya 200. Kwaiyo nikisoma kumi na moja kwenye boti moja na jiko la mkaa lenye moto na petroli pembeni, mwili unanisisimka. Boti iwe na cheti cha TASAC, wale wanaosimamia usalama wa vyombo vya majini, muangalie imeandikwa ibebe wangapi, na msizidishe hata mmoja, hata kama ni mtoto wa kubebwa. Laifujaketi kila mtu, na ya mtoto iwe ya kimo chake, sio ya baba yake inamtoka kichwani. Dereva asionje bia mpaka boti imefungwa. Na watu wasihamie wote upande mmoja kupiga picha mtu akisimama, hiyo ndo nawaombeni kuliko zote.

#51 Shemeji Bugarika
Mama Sato tulifanya hivyo hivyo Pasaka. Dogo aliposimama wote tulikimbilia upande mmoja. Boti iliinama. Sikuwahi kulifikiria mpaka leo.

#52 Mvuvi wa Zamani
Asante mama. Mi MV Bukoba nilipoteza kaka.

#53 Mama Sato
Pole sana kaka yangu. Mungu ampumzishe.

#54 Bonde la Ufa
Poleni sana watu wa Mwanza.

#55 KijanaWaNyamagana
Pole mzee wetu. Nimekaa nikasoma uzi wote upya. Naomba niseme tutakavyofanya mnirekebishe. Boti ya kuvuta itakuwa ya faiba, nimeipata ya mashine ya 60, mwenye nayo anasema ina cheti, nitakwenda kukiona kwa macho yangu. Ndani yake watu wawili tu, dereva na mtu wa kuangalia nyuma. Wengine wote boti ya pili ambayo imefungwa, au ufukweni. Jiko libaki nchi kavu. Sehemu, nilifikiria kule upande wa Luchelele.

#56 Mchaga wa Pasiansi
Popote isiwe karibu na Mto Mirongo unapomwaga, hasa mvua ikinyesha usiku. Uchafu wote wa mji unapita pale.

#57 MwanaKigoma
Na muulize magugu. Yanahama na upepo, leo hayapo kesho yamejaa. Mwaka 2025 si mliona yalivyosumbua vivuko Kigongo-Busisi kabla daraja halijafunguliwa mwezi wa 6.

#58 Kinyonga88
Hilo daraja nimelipita juzi na bibi yangu, kilomita 3 juu ya maji, bibi alishika kiti mpaka tumefika upande wa pili alafu akasema turudie. Alafu mamba je wakuu? Hakuna aliyetaja mamba.

#59 Mvuvi wa Zamani
Mamba wapo ziwani, na viboko. Kaeni mbali na matete na midomo ya mito, na pale mwaloni waulizeni, wanajua wapi ameonekana na lini. Maji marefu ya wazi, asubuhi, boti zinapita, sijawahi kuona shida. Ila uliza.

#60 FundiMashine
Mashine ya 60, boti ya faiba, watu wawili. Utasimama mkuu, utakuja hapa kuniambia fundi ulikuwa sahihi.

#61 Baridi Minnesota
Atasimama akinyoosha mikono na akitoa ncha za mbao juu. Ajaribu kwanza nchi kavu, akae chini mchangani, mtu amvute na kamba taratibu mpaka asimame bila kukunja mikono. Mara 20.

#62 Mvuvi wa Zamani
Atasimama akienda saa 2 asubuhi.

#63 Shemeji Bugarika
Jamani kuna namna moja ya kujua. Tufanye jaribio Jumamosi moja kabla ya sikukuu, tuanze na ile ile boti ya mbao ya Pasaka, watu wawili, kamba mpya, asubuhi. Akisimama mtu wa kilo 80 basi fundi na mashine yake wakae pembeni.

#64 FundiMashine
Ukibadilisha watu, kamba na saa kwa pamoja utajuaje kipi kimesaidia? Badilisha kimoja kimoja.

#65 Shemeji Bugarika
Petroli utalipa wewe?

#66 FundiMashine
Nachangia lita 20. Nipo serious. Niambieni Jumamosi gani.

#67 KijanaWaNyamagana
Fundi umeniwahi, nilikuwa naandika. Nimetoka Kirumba sasa hivi, nimepata kamba mita 23, muuzaji hajui kama ni polipropilini au nini. Nimekata kipande nimekitumbukiza kwenye ndoo hapa nyumbani, kina dakika 40 bado kinaelea. Dogo amekaa pembeni anakilinda.

#68 Baridi Minnesota
Safi sana. Sasa kifunge kwenye kitu kizito ukivute uone kinavutika kiasi gani. Na hizo mita 23 ulipima na mshikio au bila mshikio?